Sauti ya Sinema Sebuleni: Anza na Maneno

Homu thieta nzuri hujulikana ikiwa imepunguzwa sauti. Shusha mpaka wa chumba cha pili waweze kulala, kisha fuata mazungumzo ya filamu. Ukishika kila neno bila kukunja uso, na bila kupandisha sauti kwenye maongezi na kuishusha kwenye milipuko, ujue aliyepanga chumba hicho anajua kazi yake. Kishindo si kipimo. Sabufa ya bei ya chini kabisa pale Kariakoo inatoa kishindo cha kutikisa vikombe kabatini, lakini mnong'ono unaoeleweka na aliyekaa kochi la pembeni unataka akili, na kwa bahati njema hautaki fedha nyingi.

Sebule nyingi za kupanga mjini zinafanana kwa shida zake: kuta za tofali za saruji, sakafu ya marumaru, madirisha mapana ya vioo, na umbo la herufi L kwa sababu sehemu ya kulia chakula imeunganishwa humo humo na korido inaanzia pembeni. Simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaotetemeka baada yake, huo ndio unaokula maneno. Sauti za s, t, k na f ni fupi na dhaifu. Irabu iliyotangulia ikiwa bado inazunguka ukutani, zinafunikwa. Ukiongeza sauti, unaongeza na mwangwi wake.

Dawa ya hili ilipimwa zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia, kazi ya kuponya ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg, ambamo wanafunzi hawakuweza kumwelewa mwalimu. Usiku mji ulipotulia, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, wakaipanga humo, na Sabine akapima kwa saa muda wa sauti kufifia. Ukumbi ulipokuwa mtupu, sauti ilidumu zaidi ya sekunde tano. Kila mito ilipoongezwa, muda ulipungua. Kwa hiyo fedha ya kwanza ipeleke kwenye zulia nene la kukaa kati ya spika na makochi, na mapazia mazito yenye upana mara mbili ya dirisha ili yakunjamane. Kochi la kitambaa linafyonza sauti kuliko la ngozi. Kabati lililojaa vitabu ukutani linasaidia sana. Trei za mayai achana nazo: hazifyonzi chochote cha maana na zinashika moto haraka.

Mazulia na mapazia, hata hivyo, hutibu sauti nyembamba tu. Besi haiyajali, na hapa ndipo wengi hupotea. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 34 lina urefu wa mita kumi. Katika chumba chenye urefu wa mita 5, wimbi hilo linaingia nusu kamili kati ya kuta mbili, linajirudia juu ya lenyewe na kusimama. Ukikaa umeegemea ukuta wa nyuma, linakuvimbia masikioni. Ukihamia katikati ya chumba, linatoweka. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, maana urefu na upana huvimbisha noti ileile.

Kuligundua hili hakuhitaji mashine. Weka wimbo wa dansi wa bendi ya Mlimani Park, wenye gitaa la besi linalotembea, usikilize besi peke yake. Kila noti inapaswa kuwa na kimo chake na uzito unaolingana na wenzake. Noti moja ikinguruma na nyingine zikinong'ona, au nyimbo zote zikionekana kuwa na besi ileile, unachosikia ni chumba. Wauzaji wengi husifu hali hiyo kuwa ni "besi nzito". Mimi naiita ugonjwa.

Tiba yake ni kuhamisha sabufa. Ipandishe juu ya kochi unalokalia, cheza wimbo uleule, kisha tambaa sakafuni ukipeleka kichwa pembeni mwa kuta. Mahali utakaposikia noti zote zimelingana, hapo ndipo sabufa ikae. Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kati ya sehemu hizo mbili haibadiliki ukizibadilishana. Kona inaongeza nguvu, lakini inaamsha mawimbi yote ya chumba kwa pamoja, kwa hiyo isiwe chaguo la kwanza. Kisha sogeza kochi mbele kutoka ukutani, hata kwa nusu mita tu.

Umbo la L lina ubaya mwingine: spika ya kushoto inapata ukuta, ya kulia inapata uwazi, na sauti yote inaelemea kushoto. Kama TV inaweza kuhamia ukuta ambao pande zake mbili zinafanana, ihamishe, hata kama wageni watauliza kwa nini. Isipowezekana, itoe spika ya kushoto mbali na ukuta na urekebishe uwiano kwenye amplifaya. Spika mbili za mbele na msikilizaji zifanye pembetatu yenye pande sawa, na twita, yaani vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa.

Spika ya kati ndiyo inayobeba mazungumzo, nayo ndiyo watu huisukumia ndani ya kabati chini ya TV. Ivute hadi ukingoni, uinamishe iangalie nyuso. Spika za nyuma zikikosa mahali pa haki, ziache. Tatu nzuri za mbele zinashinda tano zilizotawanywa, moja nyuma ya jokofu na nyingine koridoni.

Kwa bajeti ndogo nunua vya mtumba. Usitishwe na wati elfu tano zilizoandikwa kwenye boksi. Tafuta kipimo cha RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, na ukumbuke kwamba kuzidisha nguvu mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Amplifaya ya sinema ya zamani isiyo na HDMI bado inafaa ikiwa ina tundu la optiko. Inyanyue: transfoma halisi ina uzito. Fungua kava la spika, sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Kagua sponji inayozunguka koni, maana kwenye joto letu huoza na kumeguka. Kisha geuza amplifaya usome kibandiko cha nyuma: iliyotoka Japani inaweza kutaka volti 100, na umeme wetu wa volti 230 utaiunguza mara moja. Muuzaji akikataa usiiwashe na kusikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya chini kabla ya kulipa, nenda duka linalofuata.