Mtihani wa kiini kimoja kwa prosesa ya viini viwili

Leo siandiki juu ya muhogo. Nataka kusema juu ya namna watu wanavyopima mashini waliyoipandisha mwendo, kwa sababu naona kipimo chenyewe ni kibovu, na mimi nilishakilipia.

Kwanza jambo lenyewe. Mwaka 2007 Intel ilitoa Pentium Dual-Core E2160, prosesa ya viini viwili, 1.8 GHz, bei chini ya dola 90. Ule mwendo unatoka kwa hesabu ndogo: njia inayounganisha prosesa na kadi mama (wanaiita FSB) inapiga 200 MHz, unazidisha mara 9. Mwaka ule ule ikatoka Core 2 Duo E6850 ya 3.0 GHz, dola 266. Hesabu yake ni 333 mara 9. Unaona? Tisa ni ile ile. Mtu anaingia mu BIOS, anaandika 333 pahali pa 200, na prosesa ya bei ndogo inaanza kukimbia kama ya bei kubwa. Kashe peke yake ndiyo haiongezeki, inabaki MB 1 mbele ya MB 4 za mwenzake.

Hapo sina ubaya. Prosesa nyingi za aina ile zilikuwa na nguvu kuliko namba iliyoandikwa juu yake. Lakini deni linalipwa kwa joto. Joto la prosesa linapanda pamoja na mwendo, tena linapanda pamoja na volti mara volti. Kutoka 1.8 kwenda 3.0 ni mara 1.67. Ukiongeza volti kutoka 1.25 kufika 1.40 ili isimame vizuri, unazidisha tena kwa 1.25. Jumla ni karibu mara mbili, na feni ni ile ile.

Sasa mtihani. Ile mashini niliinunua Bukavu, mkono wa pili, kwa kazi yangu ya mwisho ya lisansi. Muuzaji hakunificha kitu, hata alijisifu: «Injenieri, ona mwenyewe, hii iko inakimbia 3.0.» Akafungua SuperPI, ikapiga tarakimu milioni moja za pi, ikamaliza bila kosa. Nikatoa pesa.

SuperPI ilitoka mu maabara ya Yasumasa Kanada, Chuo Kikuu cha Tokyo, mwaka 1995. Kwa wakati wake ni programu nzuri, na kwa kulinganisha mwendo wa mashini mbili bado inafaa. Lakini mwaka 1995 mashini ya nyumbani ilikuwa na kiini kimoja, njo maana SuperPI inatumia kiini kimoja tu. Ukiifungua juu ya prosesa ya viini viwili, kimoja kinalima na kingine kimekaa kivulini. Halafu mtu anapiga picha ya skrini na kusema: ona, inasimama imara. Nini inasimama? Nusu yake, kwa sekunde chache. Miaka ile picha za namna hiyo zilijaa kila pahali, na waliozionyesha hawakuwa wajinga. Walipenda ile namba kuliko jibu.

Waliokuwa na haki zaidi walitumia Prime95. Hii naisifu wazi. George Woltman aliiandika kwa kazi ya kweli: mradi wa GIMPS, ulioanza 1996, wa kutafuta namba tasa kubwa za Mersenne. Namba moja inaweza kukamata mashini wiki nyingi, na kosa moja katikati linaharibu kazi yote. Kwa hiyo programu ilibidi ijichunguze njiani: majibu yake inayalinganisha na majibu yanayojulikana, na tofauti ikizidi inasimama na kukuambia. Hata hapo GIMPS hawakuamini. Walirudilia hesabu ile ile mara ya pili, na majibu yote mawili lazima yafanane. Agronomu yeyote ataelewa. Hakuna anayetoa shauri kwa mkulima kutoka kwa parseli moja isiyorudiliwa.

Kwa prosesa za viini viwili ikatoka Orthos, ambayo inaendesha Prime95 mbili pamoja, kila kiini na yake. Baadaye Prime95 yenyewe ikajifunza kufanya vile. Hapa pia watu wanadanganyana. Kuko mtihani wa Small FFT, ambao unachemsha prosesa sana lakini hesabu yake inatoshea mu kashe, RAM haiguswi karibu kabisa. Kuko Blend, ambao unaingia mu RAM. Sasa ukipandisha FSB, hukupandisha prosesa peke yake: kadi mama inasukumwa, na RAM pia kama hukubadilisha uwiano wake. Mtu anapita Small FFT na kutangaza kwamba mashini yote ni nzima!

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Bukavu, usiku mmoja, Orthos kwa masaa nane, Small FFT. Hakuna kosa. Nikalala vizuri.

Wiki tatu nyuma nikashuka Uvira, kwa majaribio yangu mu bonde la Ruzizi. Siku moja jioni nikapiga wastani wa mavuno kutoka kwa faili moja, kwa amri moja, mara mbili. Nikapata majibu mawili. Nikafikiri ni mimi. Nikarudilia, likatoka jibu la kwanza. Mashini haikuzima, haikuonyesha skrini ya buluu, haikulalamika hata kidogo. Kama ningepiga mara moja tu, ile namba mbaya ingeingia mu kazi yangu, na jury wasingeona kitu. Mpaka leo sijui jedwali ngapi nilizofanya mbele ya siku ile zina kosa.

Usiku ule nikafungua Prime95, Blend. Dakika 40: kiini cha pili kikasimama na kosa la kukadiria desimali, cha kwanza kikaendelea kama vile hakuna neno. SuperPI ya muuzaji ingepita tena, nina hakika.

Nini kilibadilika? Bukavu iko karibu mita 1500 juu, kuna baridi. Uvira iko kandokando ya Tanganyika, chini sana, na chumba changu kilikuwa kama tanuru. Mbegu iliyofanya vizuri Mulungu huichukui moja kwa moja kuipeleka Ruzizi, unaijaribu kwanza kule. Hilo tulifundishwa wote. Mashini nayo ina joto la mazingira yake, na picha ya skrini haionyeshi nyuzi ngapi zilikuwa chumbani.

Na masaa nane? Kuko kanuni ya takwimu tunayoisahau: ukijaribu kwa muda fulani bila kuona kosa, kwa uhakika wa asilimia 95 bado kosa linaweza kuja mara 3 ndani ya muda ule ule. Masaa nane bila kosa hayakatai mashini inayokosea kila masaa mawili na dakika 40. Hata yale masaa 24 ambayo mabingwa waliyaheshimu hayakatai kosa moja kila masaa nane. Ni kweli Prime95 ni ngumu kuliko kazi ya kila siku, kwa hiyo hesabu hii inatisha zaidi ya inavyopaswa. Lakini mwenye kupita anapaswa kusema: sijaona kosa, masaa fulani, mtihani fulani, joto fulani. Neno «imara» peke yake halina maana.

Tena kuna wanaochagua mtihani ili wapite. Kwa prosesa za nyuma zenye AVX, watu walirudi kwa Prime95 26.6 ya zamani, isiyotumia AVX, kwa sababu mpya «inachemsha bure». Kama kazi zako hazigusi AVX, sawa. Kama zinagusa, umejidanganya.

Mimi nilishusha FSB kufika 266, yaani 2.4 GHz, na volti ya kiwanda. Blend ilipita masaa 31 kwa vipande vipande, maana umeme wa Uvira haukunipa siku nzima. Jedwali zote nimezianza upya kutoka kwa daftari ya shambani, ile ya kalamu. Nimebakiza parseli kumi na mbili.