Mpasuko wa London, Jina la Kanga

Katika soko la Tandika, wilayani Temeke, suruali ya jinzi iliyochanwa magotini tangu kiwandani hutoka katika belo la mitumba ikatundikwa si mbali na kanga mpya. Moja imechanwa ili ionekane imechoka. Nyingine imeandikwa jina ili iseme. Nguo hizi mbili zastahili kusomwa pamoja.

Nasaba ya ile ya kwanza hupitia duka nambari 430, King's Road, London, ambako katika miaka ya 1970 Vivienne Westwood na Malcolm McLaren waliwavika vijana wa panki. Mishono ilitokezwa nje, zipu zikatiwa pasipohitajika, miguu miwili ya suruali ikaunganishwa kwa mkanda, na pini za kufungia nepi zikashika mipasuko ambayo uzi ungetosha kuishona. Huo ulikuwa ufundi: kasoro ilipangwa kama mshairi apangavyo vina. Fulana nazo zilibeba maneno makali kifuani.

Lakini kuandika juu ya nguo si uvumbuzi wa London. Mwanamke wa pwani ameyavaa maneno tangu mwanzoni mwa karne ya 20, tena kwa kinga ambayo fulana ya panki haina, nayo ni fumbo. Fulana hutukana, ikaishia hapo. Jina la kanga humfikia jirani aliyekusudiwa, naye akilalamika huulizwa ni nani aliyemtaja.

Uasi wa mavazi, zaidi ya hayo, hupimwa kwa gharama yake. Westwood na McLaren walitozwa faini kwa ajili ya fulana mwaka 1975. Mwaka 1992 Westwood alipokea nishani mkononi mwa Malkia. Dar es Salaam, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi na suruali za kubana kuanzia 1 Januari 1969. Kabla siku hiyo haijafika, wanawake walikwisha kushambuliwa Kariakoo. Wao hawakupata duka wala nishani.

Kwa fundi cherehani wa uswahilini, kijana huleta suruali nzima ichanwe, na mzee huleta iliyochanika itiwe kiraka. Cherehani ni ile ile. Mhakiki wa mavazi na aanzie hapo barazani: kabla ya kuusifu mpasuko, aulize ni nani aliyechana, na ni nani aliyechanikiwa.