Dau Lililopimwa Hadi Dola ya Mwisho

Tarehe 13 Agosti 2024, St. Louis Blues iliwawekea dau wachezaji wawili wa Edmonton Oilers kwa siku moja. Beki Philip Broberg, miaka 23, aliahidiwa dola 4,580,917 kwa mwaka. Mshambuliaji Dylan Holloway, miaka 22, aliahidiwa dola 2,290,457. Mikataba yote ilikuwa ya miaka miwili. Wiki moja baadaye vijana hao walikuwa wachezaji wa St. Louis, na Edmonton, iliyokuwa imepoteza mchezo wa saba wa fainali ya Kombe la Stanley dhidi ya Florida mwezi Juni, ikabaki kupokea fidia. Ukizitazama namba hizo haraka utadhani aliyeziandika alikuwa na wazimu kidogo. Hakuwa nao hata chembe.

Aliyezoea sakata za usajili wa soka inabidi aweke kando jambo moja. Tangu hukumu ya Bosman ya mwaka 1995, mwanasoka wa Ulaya ambaye mkataba wake umekwisha anabeba viatu vyake na kuondoka. Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, mambo hayako hivyo. Kinda husaini mkataba wa kwanza ambao mshahara wake wa msingi umewekewa ukomo. Kwa kizazi cha Broberg na Holloway ukomo huo ulikuwa dola 925,000 kwa mwaka. Mkataba ukiisha, klabu ikimpelekea ofa ya kumbakiza kwa wakati, inaendelea kuwa na haki juu yake mpaka afikishe miaka 27 au amalize misimu saba ligini. Haki ya kupeleka mzozo wa mshahara kwa msuluhishi huja baadaye, na vijana hawa wawili walikuwa bado hawajaifikia. Kwa hiyo akikataa anachopewa, zinabaki njia mbili: akae nyumbani, au atokee tajiri mwingine.

Kukaa nyumbani kulijaribiwa na William Nylander wa Toronto mwaka 2018. Ligi ina sheria kwamba mchezaji wa aina hii asiposaini kufikia saa 11 jioni ya tarehe 1 Desemba, kwa saa za mashariki, hachezi tena NHL msimu huo. Nylander alisaini zikiwa zimesalia dakika chache tu, mkataba wa miaka sita. Hesabu zake zilikuwa za werevu: mwaka wa kwanza ulibeba zaidi ya dola milioni 10 kwenye kikomo cha mishahara cha klabu, na miaka mitano iliyofuata ikashuka hadi takriban milioni 6.9 kila mmoja. Ila kijana aliporudi alikuwa mzito. Mabao saba katika michezo 54 hayakuwa kipimo cha kipaji chake. Hiyo ndiyo shida ya kugoma: pande zote mbili zinaumia, na mchezaji ndiye anayeonekana barafuni akiwa ameumia.

Njia ya pili inaruhusiwa kisheria lakini mameneja huiogopa. Klabu nyingine inaweza kumpa mchezaji mkataba kamili. Akiusaini, klabu yake ya zamani inapewa siku saba: ama ifikie dau lilelile bila kubadilisha hata nukta, ama imwachie na kupokea fidia ya chaguo za drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji chipukizi. Fidia hupangwa kwa ngazi kulingana na mshahara wa wastani, na ngazi hizo hutangazwa na ligi kila mwaka. Hapa ndipo namba za Agosti zinapoeleweka. Mwaka 2024, mshahara wa dola 2,290,457 uligharimu chaguo moja la raundi ya tatu. Kutoka hapo hadi dola 4,580,917, chaguo la raundi ya pili. Ukizidisha dola moja tu juu ya hapo, unatoa la raundi ya kwanza na la tatu pia.

Doug Armstrong, meneja mkuu wa St. Louis wakati huo, alipanda hadi ukingo wa kila ngazi na kusimama. Aliwapa vijana pesa nyingi kadiri ilivyowezekana bila kuongeza fidia hata kidogo. Na kwa kuwa ngazi humhesabu kila mchezaji peke yake, aliwapata wawili kwa jumla ya karibu dola milioni 6.87 kwa mwaka huku akitoa chaguo la raundi ya pili na la tatu tu. Angemwaga fedha hizohizo kwa mchezaji mmoja, raundi ya kwanza ingeondoka.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho mashabiki wengi hawakukiona. Sheria inataka chaguo za fidia ziwe za klabu yenyewe, si zile ilizozipata kwa wengine, na St. Louis ilikuwa imeshalipeleka kwa Pittsburgh chaguo lake la raundi ya pili la 2025. Siku ileile ya ofa, Armstrong alilirudisha kwa kuwapa Pittsburgh chaguo nyingine. Kwangu hiki ndicho kitendo cha kitaalamu zaidi katika mkasa wote. Kupanga mshahara ni hesabu ya jioni moja. Kumshawishi jirani akurudishie karatasi fulani bila habari kuvuja ni kazi ya aina nyingine.

Edmonton nayo ilijiweka pabaya yenyewe. Tarehe 1 Julai ilitumia nafasi yake ya mishahara kwa Viktor Arvidsson, Jeff Skinner na wakongwe kadhaa, ikawaacha vijana wawili foleni ya mwisho. Mantiki yake inaeleweka: hawana msuluhishi, wataenda wapi? Kikomo cha ligi kwa msimu wa 2024-25 kilikuwa dola milioni 88, na Edmonton ilikuwa imeshafika darini. Stan Bowman alikuwa ameajiriwa kuwa meneja mkuu mwishoni mwa Julai tu, hivyo moto huu aliurithi. Tarehe 18 Agosti alimpeleka beki Cody Ceci San Jose, na nafasi ikapatikana. Ingetosha kumbakiza Holloway. Lakini tarehe 20 aliwaachia wote wawili.

Kwa Broberg, namwelewa. Msimu uliotangulia beki huyo alicheza zaidi ligi ya chini, na kumlipa milioni nne na nusu kungekuwa kamari. Pia, klabu inayofikia dau hairuhusiwi kumuuza mchezaji huyo kwa mwaka mzima, kwa hiyo mlango wa kutokea ungekuwa umefungwa. Holloway ni habari tofauti. Dola milioni 2.29 kwa mshambuliaji mwenye kasi, aliyechaguliwa wa 14 katika drafti ya 2020 na aliyetoka kucheza mtoano wote hadi fainali, hazikuwa pesa za kukosesha usingizi. St. Louis iliongeza kifuta machozi, kinda Paul Fischer na chaguo la raundi ya tatu la 2028, na Edmonton ikakichukua.

Mbona mbinu hii haitumiki kila kiangazi? Sehemu ya jibu ni kwamba klabu nyingi hufikia dau. Mwaka 2019 Montreal ilimwekea Sebastian Aho wa Carolina mkataba wa miaka mitano uliosheheni bonasi za kusaini, ikitumaini tajiri wa Carolina angebanwa na fedha taslimu. Alilipa. Miaka miwili baadaye Carolina ilijibu kwa Jesperi Kotkaniemi wa Montreal, ikaweka bonasi ya kusaini ya dola 20, ambayo ni namba ya jezi ya Aho. Montreal ikamwachia. Sehemu nyingine ya jibu ni woga wa kulipiziwa. Mwaka 2007 klabu moja ilimchukua Dustin Penner kutoka Anaheim kwa njia hii, na meneja wa Anaheim, Brian Burke, alikasirika kiasi cha kutaka wakutane ghalani wapigane. Klabu iliyomchukua Penner ilikuwa Edmonton.

Msimu uliofuata Holloway alifunga mabao 26 na kumaliza na pointi 63 katika michezo 77; Broberg akapata pointi 29. Edmonton ilifika fainali tena bila wao, ikafungwa tena na Florida. Mikataba ile ya miaka miwili iliandikwa kuisha kiangazi cha 2026. Wakati huo vijana hao wangekuwa bado chini ya haki za St. Louis, lakini wakiwa na haki waliyoikosa Edmonton: kuipeleka klabu mbele ya msuluhishi.