Pango la Kitum na Ahadi ya Mwandishi: Kuhusu Kuthamini Vitabu na Filamu Zisizo za Kubuni

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kupima kazi za kubuni. Mhakiki akikabidhiwa riwaya hujua pa kuanzia: dhamira, wahusika, msuko, matumizi ya lugha. Akikabidhiwa wasifu, kitabu cha safari au filamu ya hali halisi, aghalabu huichambua kana kwamba ni riwaya, au huwaachia wanahistoria. Ndivyo tulivyoutendea Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert, ambao wengi wetu tumeusoma na kuufundisha kwa ajili ya lugha yake tu, utadhani Siti hakupata kuishi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi isiyo ya kubuni ina mizani yake. Usahihi wa taarifa hautoshi, maana kitabu cha simu nacho ni sahihi. Uzuri wa usimulizi nao hautoshi, kwa sababu uongo mtamu haukosi wasikilizaji. Linalopaswa kuulizwa ni kama mwandishi amemwachia msomaji njia ya kumpinga. Ili hoja isielee hewani, tumeteua mahali pamoja, yaani Mlima Elgon, ambao wakazi wa Kitale na Bungoma huutazama kila siku mawingu yakiruhusu.

Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, aliyafikia mapango ya mlima huo mwishoni mwa mwaka 1883, na kitabu chake kikatoka mwaka 1885. Aliwakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Alipowauliza ni nani aliyeyachimba, walimjibu kuwa ni kazi ya Mungu. Jibu hilo halikumridhisha. Akahitimisha kwamba zamani sana taifa lenye nguvu na ustaarabu lilipita hapo likitafuta madini au vito, na hakuona haya kuwataja Wamisri. Leo tunafahamu kwamba tembo wana sehemu kubwa katika kuyapanua mapango hayo, kwa kuwa huingia gizani na kuchokonoa kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Basi Thomson alikosea, na kosa lake lina harufu ya dharau ya enzi yake: Mwafrika hakudhaniwa kuwa na uwezo wa kuchimba jambo la maana. Hata hivyo, kitabu chake kina thamani. Aliliandika jibu la wenyeji kabla ya kulikataa, na akayaeleza mapango kwa makini kiasi cha kumwezesha msomaji kuona kwamba hitimisho lake halitokani na aliyoyaona. Ushahidi wa kumhukumu ametupa mwenyewe.

Tukiruka zaidi ya karne moja tunakutana na Richard Preston, Mmarekani, na kitabu chake The Hot Zone cha mwaka 1994. Kiini chake ni tukio la mwaka 1989 huko Reston, Virginia, lakini kinaanzia kwetu. Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, anazuru Pango la Kitum, anaugua, anasafirishwa kwa ndege kutoka Kisumu, na anafariki katika hospitali moja ya Nairobi mnamo Januari 1980 kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, anaambukizwa na kupona. Hayo yalitokea. Taarifa ya kitaalamu ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1982, na idadi ni ya kusikitisha bila chumvi yoyote: wagonjwa wawili, kifo kimoja.

Sasa tutazame fani. Preston anatangaza mapema kwamba kisa ni cha kweli na watu ni wa kweli, ila baadhi ya majina yamebadilishwa; marehemu anaitwa Charles Monet. Baada ya tangazo hilo anaingia ndani ya mwili wa Monet na kumsimulia akiyeyuka ndegeni, uso ukilegea, mfuko wa matapishi ukijaa, kwa sauti ya msimulizi maizi ambaye tunamjua katika riwaya. Nani aliyaona hayo? Monet amekufa. Msimulizi hatuelezi ni abiria gani aliyekaa karibu naye. Kisa kinasisimua sana, nami nakiri kwamba nilikimaliza kwa siku mbili. Lakini taharuki yake imejengwa palepale ambapo hakuna awezaye kusema la. Linganisha na sehemu za Dkt. Musoke. Humo usimulizi unatulia, maana muhusika ni mtu aliyepona, mwenye jina lake halisi, ambaye angeweza kukisoma kitabu na kukikanusha. Tofauti ya mitindo katika kurasa chache hizo inafundisha zaidi ya sura nzima ya nadharia.

Wataalamu wa tiba walichelewa kumjibu, ila walimjibu. David Quammen, katika Spillover ya mwaka 2012, alimhoji Karl Johnson, aliyeongoza tume ya kimataifa huko Yambuku, Zaire, mwaka 1976, naye akaikataa waziwazi picha ya wagonjwa wanaolia machozi ya damu. Mwaka 2014, wakati Ebola ikiitesa Afrika Magharibi, Preston mwenyewe alikubali kwamba muuguzi aliyemwandika akitokwa na machozi ya namna hiyo hakika hakuwa hivyo, au karibu na hakika. Kukubali huko ni kwa kiungwana. Lakini kulikuja miaka 20 baadaye, na kitabu kilikwisha kuwa ndiyo picha ya ugonjwa huo vichwani mwa mamilioni.

Wanafunzi wangu kutoka upande wa Kitale hukisoma kitabu hiki kwa hisia ambazo msomaji wa Virginia hana. Mmoja, ambaye wazee wake walizoea kupeleka ng'ombe mapangoni kulamba chumvi, aliuliza darasani kwa nini mlima wake uwe tumbo la mauti. Swali hilo ni la kihakiki kabisa. Preston anaifanya Kitum sitiari ya chimbuko la maangamizi, ilhali msafara wa watafiti wa Kimarekani uliopekua pango hilo mwaka 1988 haukukipata kirusi. Ilipofika mwaka 2007, ushahidi wa nguvu ulipatikana Gabon na Uganda, ndani ya popo walao matunda. Popo hao wapo Elgon pia, kwa hiyo shuku ya Preston haikuwa ya kipuuzi. Kosa lake ni kuigeuza shuku kuwa mandhari, na mandhari haisahihishwi kwa makala ya kisayansi.

Filamu ina hali nyingine. David Attenborough, katika mfululizo wa BBC uitwao The Life of Mammals (2002), anaingia katika mapango hayohayo kuwatazama tembo kwa kamera ya mwanga usioonekana kwa macho. Thamani ya sehemu hiyo, kwa maoni yetu, ni kwamba hila yake imewekwa wazi: mtazamaji anaelezwa kwamba ni giza, na anaelezwa namna giza hilo linavyoshindwa. Kuhusu watu wa mlimani filamu haijishughulishi. Wengine wataiita kasoro, hasa tukikumbuka ugomvi wa ardhi uliomwaga damu Elgon kati ya 2006 na 2008. Mimi siiti hivyo. Iliahidi wanyama, ikatoa wanyama. Lawama iwaendee wanaoitumia darasani kama maelezo kamili ya Elgon.

Kwa upande wa Bungoma kuna kitabu ambacho wahakiki hawajakitendea haki: historia ya Babukusu ya F. E. Makila, iliyotoka mwaka 1978. Kimeandikwa kwa Kiingereza kisicho na madoido, kimejaa koo na nasaba, na msomaji wa haraka atakichoka. Kinapofika kwenye vita vya mwaka 1895, vilivyoishia katika ngome ya Chetambe karibu na Webuye, kinasimama juu ya masimulizi ya wazee. C. W. Hobley, aliyekuwa upande wa Waingereza, naye aliviandika katika kitabu chake cha mwaka 1929, na watu hao akawaita Kitosh, jina ambalo hawakujiita. Ukiviweka vitabu hivyo viwili pamoja unapata kitu ambacho hakimo katika kimojawapo: unaona ni wapi kila mmoja anategemea kumbukumbu ya nani, na ni wapi ananyamaza. Makila ana upendeleo, naam, lakini mtu wa ukoo mwingine angeweza kwenda Webuye na kubishana naye, na kwa hakika wapo wanaobishana naye hadi leo. Kwa Monet ndegeni hakuna wa kubishana naye. Ndiyo maana, katika kozi ya wasifu na nathari isiyo ya kubuni, tunapendekeza Makila asomwe kwanza, kisha Thomson, na Preston awekwe mwisho, pamoja na ile taarifa kavu ya Lancet.