systemd-analyze blame: shahidi mzuri, hakimu mbaya

Leo sichambui kitabu wala makala. Nachambua amri ambayo karibu kila anayesimamia seva za Linux amewahi kuiandika: systemd-analyze blame. Msimamo wangu ni kwamba ni shahidi mzuri, ila sisi tumeifanya hakimu, na hapo ndipo tunapoharibu.

Kwanza kisa. Maabara yetu ina seva pepe, yaani seva isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa pamoja na nyingine. Kila ikiwashwa upya ilichukua zaidi ya dakika mbili kuwa tayari. Umeme ukikatika mara tatu kwa siku, hizo dakika utazijua. Mmoja akasema tuongeze RAM, mwingine akasema prosesa. Hela, bila shaka, zingetoka kwenye fungu la utafiti.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hapo amri hii ilituokoa. Inaorodhesha huduma pamoja na muda zilizotumia kuanza, iliyochelewa zaidi ikiwa juu. Juu kabisa tukaikuta systemd-networkd-wait-online.service, dakika mbili na chembe. Namba kamili namna hiyo ikutie shaka. Mara nyingi si kazi iliyofanyika, ni kitu kilichosubiri mpaka kikakata tamaa, na sekunde 120 ndicho kikomo cha kawaida cha huduma hiyo. Ukiona 90, jiulize vilevile. Huenda kuna diski iliyoandikwa kwenye /etc/fstab na haipo tena. Ongeza RAM hata mara kumi, kusubiri ni kusubiri tu.

Sasa ubaya wake. Blame kwa Kiingereza ni kulaumu, nasi tukalaumu kweli. Mwenzetu akaizima ile huduma. Seva ikawaka fasta, tukajipigia makofi.

Kumbe furaha yetu ilikuwa ya muda. Folda ya data zetu hukaa kwenye seva nyingine na huunganishwa kupitia mtandao. Sasa seva ikawa inajaribu kuiunganisha kabla mtandao haujawa tayari, inashindwa, inaendelea na safari. Programu yetu ikaikuta folda tupu, ikaandika matokeo kwenye diski ndogo ya ndani mpaka ikajaa. Vipimo vya usiku mzima vikakatikia njiani. Huduma tuliyoiona mzembe ndiyo iliyokuwa inatulinda.

Tatizo lenyewe lilikuwa nini? Seva ilikuwa na kadi mbili za mtandao, na ya pili haikuunganishwa popote. Huduma ile, kwa kawaida, husubiri kadi zote zinazosimamiwa na systemd-networkd zikamilike. Ni sawa na kumlaumu mpishi kwamba chakula kimechelewa, wakati aliyetumwa sokoni hajarudi. Tuliirudisha huduma, tukaongeza mstari mmoja kwenye faili la kadi ya pili, sehemu ya [Link]: RequiredForOnline=no. Basi, yakaisha.

Haki itendeke: mwongozo wa systemd-analyze wenyewe unaonya kwamba huduma inaweza kuonekana nzito kwa sababu tu inaisubiri nyingine. Lakini onyo liko kwenye mwongozo, ambao wangapi tunausoma? Lawama iko kwenye jina, ambalo wote tunaliandika. Tena huduma nyingi huanza kwa pamoja, kwa hiyo ukijumlisha muda wao hupati muda wa seva kuwaka.

Ushauri wangu: anza na systemd-analyze peke yake, ujue muda umeliwa na keneli au na huduma zilizofuata. Kisha critical-chain, uone nani alimsubiri nani. Blame iwe ya tatu. Na kabla hujazima chochote, uliza nani anakitegemea. Muda mrefu unakuonyesha pa kuanzia kuchunguza. Mkosaji bado hujampata. Hilo halihusu seva tu, hata jedwali la matokeo kwenye tasnifu yako.