Nguo ya Kuazima

Mwaka 1996, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwahadithia wanachuo mstarini habari za MC Hammer, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kufokafoka, ambaye Aprili ya mwaka huo aliomba mahakamani atambuliwe kuwa amefilisika. Nikawaambia: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Walicheka, nami nikaridhika. Leo naona kwamba nilisahihisha mtihani bila kusoma majibu.

Aliyenirudisha katika somo hilo ni mjukuu wangu. Aliniuliza kwa nini wafokaji mashuhuri huporomoka upesi. Nikamtajia wawili wa zama moja: Hammer na Vanilla Ice. Wote waling'ara mwaka 1990. Albamu ya Hammer ilikaa kileleni mwa chati za Marekani wiki 21, ikauza zaidi ya nakala milioni 10. Ya Ice ndiyo iliyoiondoa pale juu, nayo ikakaa wiki 16.

Wengi husema walianguka kwa kudandia midundo ya watu. Ni kweli kwamba Hammer aliujenga wimbo wake mkubwa juu ya wimbo wa Rick James wa mwaka 1981, na Ice alichukua besi ya wimbo wa Queen na David Bowie wa mwaka huohuo. Lakini hiyo ni desturi ya fani nzima. Dr. Dre aliijenga albamu yake ya mwaka 1992 juu ya muziki wa George Clinton, na heshima yake ikazidi.

Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kuazima nafsi. Ice alianza mapema: wasifu wake ulimpa ujana wa mitaa ya Miami, hadi mwishoni mwa mwaka 1990 gazeti la Dallas likaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ujana huo aliishi kwao Texas. Hammer hakuhitaji uongo huo. Oakland ilikuwa kwao kweli, na ile miguu iliyocheza ilikuwa yake. Kumbe naye, ladha ya wasikilizaji ilipogeukia ukali wa mitaani, aliingiwa na hofu. Mwaka 1994 aliziacha zile suruali pana na ule uchangamfu, akakunja uso. Mwaka huohuo Ice alitokea na rasta, akiimba habari za bangi. Hakuna aliyewaamini. Wahenga walikwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Hata hivyo, kufilisika kwa Hammer ni jambo jingine. Alijenga jumba la fahari, hilo silitetei. Lakini pia alibeba mishahara ya watu wengi mno, wakiwamo vijana wa mtaani kwao. Mimi niliyejua jinsi mshahara wa mwalimu unavyogawanywa kwa ndugu kabla haujafika mfukoni, nilipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Badala yake nililiita majivuno, nikawachekesha vijana mia kadhaa.

Wanachuo wale sasa wana mvi, na baadhi yao ni walimu wakuu. Iwapo yupo anayesoma ukurasa huu, namwomba aifute methali yangu ya siku ile. Hammer hakuanguka kwa kusifiwa. Alianguka alipoona haya kuwa Hammer, na mikono iliyomtegemea ilikuwa mingi kuliko alivyoweza kuishika.