Kibwagizo Katika Mwili Mpya: Mchezo wa Oblivion Ukirudiwa Dumila

Katika tarbia yenye kibwagizo, mstari wa mwisho haubadiliki. Hurejea ubeti baada ya ubeti, neno kwa neno, na hata hivyo msikilizaji mwenye sikio hausikii mara mbili kwa maana ile ile. Kilichobadilika ni mistari mitatu iliyoutangulia, na pamoja nayo hali ya msikilizaji mwenyewe. Ndiyo siri ya kurudia katika ushairi wa pwani: neno hukaa palipo, moyo ndio unaosafiri. Lau mshairi angelibadili kibwagizo kila mara ili kipendeze zaidi, kingekoma kuwa kibwagizo.

Kanuni hiyo ndiyo mizani inayofaa kupimia kazi moja ya sanaa ambayo wapenzi wa mashairi aghalabu huipita pasi na kuitupia jicho. Mchezo wa video uitwao The Elder Scrolls IV: Oblivion ulitolewa Machi 2006 na Bethesda Game Studios, kampuni ya jimbo la Maryland, Marekani. Tarehe 22 Aprili 2025, baada ya miaka kumi na tisa, ulirejea madukani ukiwa umesafishwa na kuvishwa upya kwa mikono ya kampuni ya Virtuos ikishirikiana na waliouanzisha. Aliyeucheza zamani na sasa anaucheza tena anarudia kibwagizo. Swali ni kama amerudishiwa mstari ule ule.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa kuvaa uhusika katika ulimwengu ulio wazi. Mchezaji huunda mtu wake, jina, kabila na sura, kisha hujikuta mfungwa ndani ya seli. Mfalme mzee, Uriel Septim, anapita katika seli hiyo akiwakimbia wauaji, kwa kuwa mlango wa siri wa kutorokea umo humo. Anauawa, lakini kwanza humkabidhi mfungwa yule kidani cha ufalme ili kipelekwe mahali salama na mrithi aliyefichwa apate kutafutwa. Mfungwa hutokea nje kupitia mfereji wa maji machafu. Mbele yake kuna ziwa, magofu ng'ambo ya maji, na nchi nzima ya Cyrodiil. Hapo hakuna anayemlazimisha kufuata njia. Anaweza kulifuata agizo la mfalme, na anaweza kulipa kisogo kwa mwaka mzima akachuma uyoga.

Ajabu hii si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili kama inavyodhaniwa. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, uliochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, una beti zaidi ya elfu nne za safari, vita na viumbe vya kutisha. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze aliumba ufalme ambamo watu hugeuka manyani na majini wana neno la kusema. Alfu Lela Ulela imesomwa na vizazi kadhaa. Hadhi ya kazi hizi si moja, na utenzi wenye misingi ya dini haupaswi kuwekwa kwenye rafu moja na bidhaa ya burudani. Lakini hamu wanayoiamsha ni ndugu: hamu ya kuingia katika nchi isiyokuwapo na kutoka ukiwa na jambo la kweli mkononi.

Basi na mchezo huu utazamwe kutoka Dumila. Dumila ni mji mdogo wa njia panda katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Barabara ya Morogoro kwenda Dodoma hupita hapo, na tawi lake hukata kuelekea Kilosa. Milima ya Uluguru imebaki nyuma, upande wa Morogoro mjini. Iliyo karibu ni ile ya Ukaguru na Nguu. Mchezaji wa Dumila anayetajwa hapa si mtu mmoja mwenye jina. Ni msomaji wa kufikirika, kama yule ambaye kila mhakiki humkalisha mbele yake ili asije akasema ovyo. Amechaguliwa kwa sababu mahali pake panajua, kuliko studio yoyote, maana ya kitu kuharibiwa na kutengenezwa upya.

Januari 2014 mafuriko yaliishukia Dumila, Magole na vijiji vya jirani. Maelfu ya watu walipoteza makazi, mashamba yalifunikwa, na daraja la Mkundi liliharibika hata barabara kuu ikakatika na safari za kwenda Dodoma zikakwama. Barabara ilirudi kupitika. Anayevuka leo bila kuambiwa hawezi kujua. Anayejua hupunguza sauti kidogo gari likikaribia mto. Hao wawili wamevuka daraja moja, ila mmoja tu ndiye aliyerudia.

Waliotengeneza Oblivion mpya waliieleza kazi yao kwa mfano mzuri: injini ya zamani ya mchezo imebaki kuwa ubongo, na Unreal Engine 5 imekuwa mwili. Yaani kanuni zote za ulimwengu ule, nani analala saa ngapi, upanga unaumiza kiasi gani, mlango upi unafunguka kwa neno lipi, zimeachwa zifikiri kama zilivyofikiri mwaka 2006. Kilichobadilishwa ni kile kinachoonekana: mawe, majani, nyuso, moto, maji. Juu ya hayo, mchezaji sasa anaweza kukimbia kwa kasi, namna ya kupanda daraja za ujuzi imerekebishwa, na baadhi ya makabila yaliyokuwa yakigawana sauti za waigizaji wale wale yamepata sauti zao.

Katika marekebisho hayo yapo yasiyo na ubishi. Kanuni ya kale ya kupanda daraja ilimwadhibu aliyecheza kwa moyo wake na kumtunza aliyecheza kama karani wa hesabu. Kuirekebisha ni sawa na mhariri anayerejesha silabi iliyodondoka katika nakala mbovu. Mizani inakaa, na shairi ni lile lile. Hali kadhalika kulipa kila kabila sauti yake ni kutimiza nia ya mtunzi, si kuipinga.

Ubishi unaanzia kwenye nuru. Oblivion ya 2006 ilikuwa na kijani kikali kisicho na haya, majani yaliyong'aa kana kwamba yameoshwa dakika hiyo, na mwanga uliotapakaa kila penye jua. Haikuwa nuru ya kweli. Ilikuwa nuru ya hadithi, ile ya paukwa pakawa. Nuru mpya ni ya kweli zaidi: udongo ni udongo, kivuli kinaanguka panapostahili, na rangi ya kahawia imetawala nyanda. Kazi ya mikono ni ya kusifiwa. Lakini mchezaji anayerudi anaona kama amekaribishwa katika nyumba ya utotoni iliyopakwa rangi na mtu mwenye ladha nzuri ambaye hakuwahi kuishi humo. Hapa mstari umeguswa. Aliyeugusa alidhani rangi ni nguo, ilhali katika kazi hii rangi ilikuwa sehemu ya maneno yenyewe.

Na yapo maji. Hakuna kilichopendezeshwa zaidi ya maji. Ziwa linabeba mbingu, mito inameremeta chini ya madaraja ya mawe. Lakini mito hiyo haijai. Mvua ya Cyrodiil hunyesha, huvuma na kukatika, na usawa wa mto unabaki pale pale. Mimea inayochumwa huchipua tena kwa saa ya mashine, si kwa msimu. Wakulima wana jembe na wana ratiba, huamka, hula, hulala, jambo lililowashangaza watu mwaka 2006 na linaloshangaza hata sasa. Ila hawana masika ya kuyaogopa. Mchezaji wa Dumila huenda asiliseme jambo hili, lakini mkono wake utasita juu ya pedi. Kadiri maji yanavyozidi kufanana na maji ya kweli, ndivyo kutojaa kwake kunavyozidi kuonekana. Picha ya zamani haikudai kuwa mto. Hii mpya inadai, na kwa hiyo inawiwa zaidi. Huu ndio upungufu mkubwa wa kazi nzima: mwili umeahidi jambo ambalo ubongo haukulijua.

Kinyume chake, hekima ya watengenezaji inaonekana zaidi pale walipozuia mikono yao. Katika mchezo wa kale kulikuwa na kosa maarufu: mhusika aitwaye Tandilwe alianza kusema neno lake, kisha mwigizaji akakosea, akaomba arudie, na kipande hicho kikasahauliwa ndani ya kanda. Kwa miaka kumi na tisa wachezaji walilicheka na kulipenda. Katika toleo jipya limo bado. Hali kadhalika mazungumzo ya ajabu ya watu wa mjini, wanaosalimiana kwa furaha, kutukanana na kuagana ndani ya pumzi moja, hayakuondolewa.

Msomaji wa mashairi ya kale atalielewa jambo hilo upesi. Mashairi ya Muyaka yalitufikia kwa vinywa na kwa kalamu za watu wengine. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya, W. E. Taylor akayahifadhi, William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akayarudia kwa uchambuzi mwaka 1979. Kila mkono ulilazimika kuamua: neno hili lisiloeleweka ni kosa la mwandishi, au ni neno ambalo sisi ndio tuliolisahau? Mhariri mwenye haraka husafisha. Mhariri mwenye adabu huacha, hata akijua kuwa atachekwa. Huko kwa Wakaguru, jirani za Dumila, mwanaanthropolojia T. O. Beidelman alizikusanya ngano miaka ya mwisho ya 1950 na baadaye akazichapisha. Nazo, zilipotoka mdomoni kwenda kwenye karatasi, zilipata mwili mpya na kupoteza kikohozi cha msimulizi. Tandilwe amebakiziwa kikohozi chake. Si jambo dogo.

Hata hivyo adabu hiyo ina bei. Mchezo wa 2006 ulitosha katika diski moja ya kompyuta. Huu wa 2025 unadai zaidi ya gigabaiti mia moja za nafasi, na mashine ambayo kwa walio wengi katika njia panda ya Dumila ni ndoto ndani ya ndoto. Wala Kiswahili hakimo katika lugha zake; mfalme anakufa kwa Kiingereza, na agizo lake la mwisho hupokewa na anayelijua Kiingereza. Kuhifadhi kwa namna hii ni kama kuijalidi diwani kwa dhahabu na kuifungia kabatini: imehifadhiwa kweli, lakini kwa wenye funguo. Nakala ya zamani, yenye kijani chake kisicho na haya, bado inapatikana na inaendeshwa na mashine dhaifu. Na kwa sababu hiyo ndiyo inayostahili kuitwa urithi. Iliyosafishwa ni tafsiri yake kwa matajiri. Neno hilo ni kali, lakini halitoki kwenye chuki. Linatoka kwenye hesabu ya gigabaiti.

Je, basi inafaa kurudia? Inafaa, na sababu imo katika hadithi yenyewe. Mara ya kwanza mchezaji hudhani kwamba yeye ndiye shujaa. Anafunga milango ya moto inayofunguka nchini, anaupita mji wa Kvatch ukiwa majivu, anampata Martin, kasisi aliye mwana wa siri wa mfalme, na kumlinda hadi mwisho. Na mwisho si wake. Martin ndiye anayekivunja kidani, anayegeuka joka la nuru na kumshinda mkuu wa maangamizi, kisha anasimama jiwe katikati ya hekalu. Ukoo wa wafalme umekoma. Aliyetoka gerezani anabaki amesimama chini ya sanamu, mikono mitupu, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Kijana huuona mwisho huo kuwa ni wizi: kazi yote yake, utukufu wa mwingine. Mtu mzima aliyerudi baada ya miaka kumi na tisa huuona kwa jicho jingine. Anakwisha kujua kwamba kazi nyingi duniani ndivyo zilivyo. Kwamba waliobeba mawe ya daraja la Mkundi hawakuandikwa, na bado basi la Dodoma linapita. Hakuna injini iliyoongeza maana hiyo. Haikuwekwa na Unreal Engine 5, wala haikuondolewa. Maneno ni yale yale, sanamu ni ile ile, jiwe limepata tu ufa mzuri zaidi. Mistari mitatu iliyotangulia ndiyo iliyobadilika, nayo iliandikwa nje ya mchezo.

Kwa hukumu ya jumla, toleo hili ni bora kila liliposhika mizani ya kibwagizo, na ni dhaifu kila lilipotaka kukipamba. Anayeweza kulicheza na alicheze, ila aiweke nakala ya zamani karibu, kama msomaji makini anavyoweka karibu mswada wa kale hata baada ya kununua chapa mpya. Na watunzi wetu wenye tenzi za elfu nne za beti kabatini wakumbuke kwamba wageni wameirudia hadithi yao baada ya miaka kumi na tisa tu.